Mgonjwa Aliyekabidhiwa Salu

Siku Salu alipoambiwa mama yake amefariki, alimaliza wali wake wote, akaomba maji ya kunywa.

Jamaa waliokuwa naye bwaloni, pale Chuo Kikuu Dar es Salaam, walisubiri alie. Hakulia.

Hiyo ni 1973. Habari zilichelewa njiani. Mama alikuwa ameshazikwa kitambo, kwao Mwandoya.

Likizo ilipofika, wanafunzi wachache walijitolea kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa karibu na Bariadi. Salu akajiandikisha. Kutoka pale hadi Mwandoya si mbali.

Hakwenda.

Akawa anafundisha a, e, i, o, u kama redio. Anakula, analala. Ng'ombe angemkanyaga mguu, angemtazama tu.

Kiongozi wao, Anatoli, kijana mpole wa Nyalikungu, akamvuta pembeni.

"Ndugu Salu, nina ombi. Felisita hayuko sawa. Tangu mdogo wake afariki, amezimika. Jioni kaa naye. Ila usimwambie nimekutuma."

"Kwa nini mimi?"

"Wengine wanaongea sana."

Salu akakubali, maana kukataa kungehitaji maelezo.

Felisita alikuwa mwanafunzi mwenzao. Jioni alikuwa akimbangulia karanga mayu Nyanjige, mama mwenyeji wao. Salu akakaa kando yake, akabangua naye. Siku za mwanzo hawakusema kitu.

Kisha Felisita akauliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Salu akajua huyu anazunguka tu, anatafuta njia ya kufikia msiba wake mwenyewe. Akajibu ili amrahisishie.

"Alikuwa anaimba akipalilia pamba. Vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Mpaka majirani wanahamia shamba la mbali."

Maganda yakaongezeka.

"Mimi mazikoni kwa mdogo wangu nilikuwa nawaza viatu vinanibana," Felisita akasema. "Basi. Hicho tu."

Salu akaitikia kwa kichwa. Alielewa kuliko alivyotaka.

Jioni nyingine Felisita akasema, bila kuinua macho, "Kuna siku natamani nisiamke."

"Hata mimi." Lilimtoka lenyewe. Hakuwahi kulisema popote.

"Basi kesho ukiamka, pita unigongee."

Akapita. Na kesho yake tena. Hakuwa na hamu ya kuamka, ila kuna mgonjwa anamsubiri, angefanyaje?

Likizo ikielekea ukingoni, Felisita akamwambia, "Twende Mwandoya."

Wakaenda. Salu akasimama kaburini, akang'oa majani yaliyoota. Chozi halikuja.

Njiani kurudi, Felisita akapumua. "Afadhali. Sasa naweza kumwambia Anatoli kazi yake nimeifanya."

"Kazi gani?"

"Aliniomba nikuangalie. Alisema umezimika. Akanikataza nisikwambie."

Salu akasimama katikati ya njia.

"Mimi aliniambia nikuangalie wewe."

Wakatazamana, vumbi likiwatua miguuni.

Walipomkabili Anatoli, hakukana.

"Hapa hakuna daktari wa mambo haya," akasema. "Kila mmoja wenu nilipomuuliza, alisema yuko salama. Nikaona mtu anayekataa kusaidiwa, huenda asikatae kusaidia. Nisameheni."

Salu hakucheka wala hakukasirika. Alitoka nje tu, akalia nyuma ya ghala la pamba mpaka mayu Nyanjige akaja kukaa naye chini, bila kuuliza.

Muhula uliofuata, watatu hao wakaanza kuwapitia vyumbani wenzao walionyamaza kupita kiasi. Wakawaunganisha wawili wawili. Hawakuwa na ofisi wala jina.

Salu hakupona siku moja. Kuna miezi alirudi kuwa redio. Lakini hakuwa peke yake tena.

Kwa hiyo ndugu yangu, mwenzako akikujibu "niko sawa" kwa sauti isiyo na mtu ndani, usibishane naye. Mpe mwingine wa kumwangalia.

Ila na wewe usiende mbali.