Tulipanda Lemera weekend bila mgonjwa wala msiba, na ndugu wakanuna

Wakuu, salaam kutoka Uvira, kaskazini kabisa mwa Ziwa Tanganyika. Ninayoandika hapa yametupata mimi na mke wangu. Anayetaka kupunguza bei ya ukweli huu, aende duka jingine.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki sokoni. Nabishana bei toka asubuhi mpaka jioni, na kila kitu nakihesabu mara mbili, hata watoto wangu wakishalala.

Mke wangu, Mama Neema, ni fundi wa kushona. Mwaka huu aliomba kitu kimoja: weekend Lemera.

Kwa wasiopajua, Lemera iko juu milimani, magharibi ya uwanda wa Ruzizi. Ni mji mdogo wa zamani, una nyumba za wamisionari wa kale, hospitali inayojulikana, baridi, na maharage matamu kuliko ya kwetu. Historia ipo pia, nyingine inauma, sitaigusa hapa.

Shida ni kwamba sisi wa huku chini hatupandi Lemera hivihivi. Unapanda na mgonjwa, au unapanda kuzika. Ukipanda bila sababu, watu wanajua unayo sababu mbaya zaidi, umeificha.

Mama Neema alikuwa amepanda mara sita maishani. Mbili na mgonjwa, nne kwa mazishi, na mmoja wa wale wagonjwa ndiye aliyetupa ile ya nne. Nimehesabu tena. Ni sita.

Akaniambia, "Papa Neema, ninataka kuuona ule mulima na macho makavu. Mara moja tu."

Basi nikaanza kupanga.

Nilimpigia simu mama anayetunza vyumba vya wageni kule.

"Mugonjwa wenu iko pavillon gani?" Yaani wodi.

"Hatuna mgonjwa, mama."

"Aah, pole sana. Alikufa lini?"

Nikamweleza kwamba hakuna aliyekufa. Tunakuja kulala, kula na kutembea. Akataja bei ya kuumiza. Nikaelewa: kumbe asiye na shida ndiye analipia shida za wote!

Tulibishana mpaka uniti zangu za simu zikaisha. Akanipigia mwenyewe ili tuendelee. Hapo nikajua nimeshinda.

Habari ikavuja mtaani, mizigo ikaanza kufika. Huku kwetu ukisikika unasafiri, wewe ni gari la wote. Dumu la mawese la binamu wa jirani. Ndagala, wale dagaa wetu wa ziwa, gunia dogo. Na godoro.

Godoro, wakuu. Kwenye pikipiki.

Nilirudisha vyote isipokuwa ndagala, kwa sababu mwenye ndagala alishakimbia.

Kisha akaja shemeji Bahati, kaka mkubwa wa Mama Neema. Upande wa mke wake walikuwa na siku ya kumaliza kilio, yaani kuanua matanga ya mzee mmoja, hukohuko Lemera, Jumamosi ileile. Huyo mzee sisi tulishamlia. Tulikesha, tulichanga, Mama Neema alipika mpaka mikono ikavimba.

Shemeji akafungua mfuko, akatoa kitenge cha rangi ya udongo. Sare ya wafiwa.

"Shemeji, mu gari yetu nafasi mbili ziko. Bure. Chakula bure. Mama Neema avae tu hii, akae na bamama kule mu jikoni mpaka Siku ya Mungu." Yaani Jumapili.

Bure! Hilo neno nalijua kuliko jina langu. Moyo uliniruka, siwadanganyi.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani, anamalizia pindo la gauni la njano. Hakuinua kichwa. Mguu tu uliacha kukanyaga.

Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Shemeji," nikasema, "hiyo bure ni ghali. Siiwezi."

"Batasema munajiona bazungu!"

"Waseme. Mdomo haulipi nauli."

Akaondoka amenuna, kitenge kwapani. Cherehani ikaanza tena kulia.

Jumamosi tukachukua pikipiki mbili. Tukapita Runingu, mbele tukaacha barabara kubwa, tukaanza kupanda. Gauni la njano lilionekana toka mbali kama taa.

Njiani kuna barieri, kamba imekatiza barabara. Tukasimama. Nyuma yetu nani? Lori la shemeji, limejaa akina mama wa vitenge vya udongo.

Mwenye kamba akauliza, "Munaenda kufanya nini?"

Wakuu, mimi ni mtoto wa mjini. Ukisema mgonjwa, unapita. Ukisema msiba, unapita na pole juu. Mdomo wangu ulishafunguka.

Shemeji akapiga kelele toka juu ya lori, "Bale bako na siye! Ba kilio!"

Mama Neema akashuka kwenye pikipiki.

"Hatuko na bo," akasema, akionyesha lori. "Kwetu hakuna muntu amekufa leo. Tunaenda kupumzika."

Akina mama wa lori wakainuka kumtazama.

Yule mwenye kamba akacheka. "Kupumzika? Mulichoka na nini?"

"Na kulia."

Hakucheka tena. Alishusha kamba, hakuomba hata sigara.

Jumapili asubuhi tulikaa nje ya chumba na chai. Chini uwanda wa Ruzizi, na kipande cha ziwa kinang'aa kama bati jipya. Nikamuuliza anawaza nini.

"Hakuna," akasema. Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja sukari.

Mara shangazi yake mmoja wa lile lori akatokea njiani, mikono ina masizi, anajifanya anapita.

"Munafanya nini?"

"Tunakaa, tantine."

"Tu?"

"Tu."

Akatazama huku na huku, akaketi. Tukammiminia chai. Akanywa mpaka kikombe kikaisha, ndipo akaniinamia: "Papa Neema, hiki chumba ni bei gani?"

Funzo langu: vitu vyote punguzeni bei, lakini siku yenu ya kupumzika msiiweke mezani. Vita na vilio havituombi ruhusa kuja. Na sisi kupumzika hatuombi ruhusa ya mtu.

Shemeji bado amenuna. Ndagala tuliwala wenyewe.

Sasa zamu yenu. Nani hapa amewahi kurudi kwao bila sababu yoyote? Mliulizwa nini, mkajibu nini? Na wale wa "mnajiona wazungu", andikeni tu, nawahesabu. Mara mbili.