Walionyonya Ziwa Moja

Siku ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ofisi inafunguliwa saa mbili. Ndivyo nilivyo, kukaa siwezi. Nikayazunguka maduka ya mtaa wa Hamriya, hapa Maskati, mara tatu, mpaka fundi cherehani wa pale chini akaniuliza, "Bibi, umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza, nimepata. Nimepata kazi! Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, nna miaka arobaini, watoto wote washaingia skuli.

Kazi yenyewe ilikuwa tarjama ya nasaba. Nyinyi vijana mnabonyeza simu tu, hamjui. Wakati ule jamaa zetu wa bara waliokuja Maskati kuthibitisha asili yao ya Kiomani walitakiwa walete habari za ukoo: nani kamzaa nani, kaishi wapi, kashika kazi gani. Wengi Kiarabu hawakijui. Wao wanasema kwa Kiswahili, mie napiga taipu kwa Kiarabu, mwenye ofisi anagonga muhuri. Ikishagongwa muhuri haiguswi. Kubadilisha neno moja lazima ofisi iandike barua ya kukiri kosa, na ofisi ikikiri makosa wateja wanaihama.

Mwenye ofisi, mtu mfupi mwenye sauti ya muadhini, aliniambia siku ile ile, "Bi Rahma, hapa hatutaki madaha. Andika alichokusudia mtu, basi." Nikaitikia, na moyoni nasema Kiarabu nakijua kuliko yeye. Kiburi hicho, Mungu anisamehe.

Mwaka wa tatu wakaja mume na mke, wakulima kutoka kijiji cha nje ya Tabora: Mzee Saidi na mkewe Bi Zamzam. Mababu zao walikwenda kule kwa biashara, biashara ikafa, wakashika jembe. Hamed, babake Saidi, akilima upande wa mtoni. Sleyum, babake Zamzam, upande wa barabarani. Mahindi, karanga, baadaye tumbaku. Jozi ya maksai walikuwa nayo moja, wakipokezana. Mwaka wa ukame maksai mmoja akafa, Sleyum akajifunga nira mwenyewe pembeni ya yule aliyebaki.

"Alivuta mistari miwili," Bi Zamzam akasema huku anacheka. "Wa tatu akamwachia ng'ombe shughuli yake."

Nikacheka nami, vidole viko kwenye mashine. Nikauliza, "Hamed na Sleyum walikuwa nani kwa nani?"

"Ah, wale!" akasema Mzee Saidi. "Wale walinyonya ziwa moja."

Haya, nani asiyejua maana yake? Mama mmoja, damu moja. Hata mie nilijua. Lakini nlikuwa na haraka, na nlitaka kuonyesha ilimu, nikaandika neno la sharia: ndugu wa radhaa. Hao ni watoto wa mama mbalimbali walionyonyeshwa na mwanamke mmoja. Radhaa inazuia ndoa, nasaba haileti. Kwa neno hilo Sleyum akageuka mtoto wa watu aliyepewa maziwa tu. Mashahidi wote walikuwa wa upande wa Hamed, na Zamzam hakuwa na njia ya kuthibitisha asili yake ila kupitia kwa Hamed.

Jibu likarudi: mume kakubaliwa, mke hana nasaba. Mzee Saidi akaniletea barua. "Bi Rahma, serikali imejuaje jambo ambalo sisi wenyewe hatulijui?"

Nilisoma mara moja tu nikajua. Na nikamwambia nini? "Nitaangalia."

Mwenye ofisi alinivuta pembeni. "Nyamaza wewe. Wakate rufaa wenyewe." Nikanyamaza wiki sita. Kula sili, nyumbani natoka chumba hiki naingia kile, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimerogwa. Mwisho nikaenda mwenyewe kwa mudiri, mkuu wa idara iliyopokea karatasi zile.

"Unajua hili litakutoa kazini?" akaniuliza.

"Nnajua. Lakini yule mwanamke ana kwao."

Akanipa karatasi, nikaandika barua ya kukiri. Kazi nikafukuzwa, nasaba ya Zamzam ikapita. Baada ya miezi kadhaa mudiri huyo huyo akaniita nikague tarjama za wenzangu. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," akasema. Nikashtuka pale miaka kumi na kidogo, nikastaafu.

Vijana mnapenda niishie hapo, mnipigie makofi. Hapana, ngojeni.

Siku nilipompelekea Bi Zamzam habari njema, hakufurahi. Kumbe katika wiki zile sita aliiamini karatasi. Alimpigia simu mamake kule Tabora, akamfokea: kwa nini mlinificha kuwa baba hana kwao? Mama, mjane wa Sleyum, alikata simu, na tangu siku hiyo akiitwa posta kupokea simu haendi.

"Karatasi umeitengeneza," Zamzam akaniambia. "Na mama yangu je?"

Nikamchukua mpaka kwenye simu ya barabarani. Nikapiga posta ya kule, nikamtumia bibi yule ujumbe kwa jirani kwamba ni mtu wa ofisi anamtaka, ndipo akaja kuipokea simu.

"Wewe ndiye serikali?"

"La, mama. Mie mwandishi. Kosa ni langu." Nikamweleza yote, nalia.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Wewe nimekusamehe, hukumjua mume wangu. Lakini Zamzam, yule alikuwa babake. Mwambie, siku nikifa asije kunizika."

Zamzam kasimama ananitazama mdomo. "Anasemaje? Bi Rahma, anasemaje?"

"Anasema yamekwisha," nikamwambia. "Anasema uende ukamwone."

Alinikumbatia pale pale barabarani, watu wanapita. Wiki ile ile akasafiri na halua na kanga mpya, na mumewe akamfuata. Maskati sikuwaona tena.

Sasa niko Azaiba, nimestaafu, wanangu wananiambia, "Mama, kaa upumzike." Nikae vipi? Kosa la kwanza nilikuwa na mudiri wa kumwandikia barua. Hili la pili nililikusudia, na sijui mama yule alipofungua mlango alisema nini.