Shemeji Anayemwagilia Tangi

Shemeji yangu, mjane wa kaka, ana kazi ambayo ukimweleza mtu kwa mara ya kwanza atadhani unamtania. Anamwagilia tangi. Si bustani wala maua ya ofisini, ni tangi la chuma lenye kimo cha ghorofa, limejaa dizeli, limekaa juu ya mchanga ndani ya uzio wa bohari ya mafuta. Kiangazi kikishaingia, kila siku ya kazi anaburuta mpira wa maji na kulowesha ardhi inayolizunguka mpaka mchanga ubadilike rangi, kisha anahamia upande wa pili. Mtaa mzima unamwita Mama Tangi. Hakujaliwa mtoto, na aliyempachika jina hilo alijua anachofanya, lakini yeye huitika kwa sauti ya kawaida na kuuliza anatakiwa na nani.

Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na uzio huo, kwa hiyo nimeona mengi kuliko nilivyotaka. Kutu naijua. Sindano na mikasi ndiyo maisha yangu, na maji siyaruhusu hata kusogea mezani. Siku shemeji aliponiambia kwamba anamwaga maji ili chuma kisiliwe na kutu, nilicheka mpaka nikashona mkono wa shati la mteja kwenye kola. Hakununa. Alivuta kigoda akanieleza polepole, kama alivyoelezwa yeye na fundi umeme wa bohari.

Ubavu wa tangi, alisema, umepakwa rangi na kila mtu anauona. Shida ni kitako, ule upande uliolala juu ya mchanga, ambako jicho halifiki wala brashi. Huko kutu inakula kimyakimya. Ndiyo maana mafundi wamefukia kulizunguka tangi vipande vya metali nyingine, dhaifu zaidi, wakaviunganisha nalo kwa waya. Kutu inavila hivyo na kuliacha tangi. Lakini ulinzi huo unapita ardhini, na unapita pale tu ardhi ilipo na unyevu. Ardhi kavu ni sawa na waya uliokatwa. Vipande vinakaa bure, na chini ya tangi, kwenye jasho la chuma lenyewe, kutu inarudi mezani. Kitako kikitoboka dizeli haitarukia juu, itazama. Na ukisimama getini mwa bohari utaona ardhi inavyoteremka, na inateremkia kwetu.

Kwetu kuna kisima. Baba alikichimba kwa mikono yake kabla sijazaliwa, na tangu alipofariki Mama amekifanya ndiyo kazi, ndiyo cheo, ndiyo mume. Nusu ya mtaa huchota pale. Mama hukaa kwenye kiti chake karibu na roda ya kuvutia ndoo, anajua nani amechota na nani amemwaga ovyo, na ukiweka ndoo chafu ukingoni utakiona. Kaka alipofariki, ndugu wengine walinong'ona kwamba mjane arudi kwao. Mama alihamisha tu kitanda cha mkwewe kutoka chumba cha kaka akakileta chumbani kwake, kwa madai kwamba yeye Mama anaogopa popo. Tangu hapo wanalala chumba kimoja na kugombania dirisha, Mama anataka hewa, mkwewe anataka kufunga. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, nikilala usingizi mzuri.

Halafu ukaja ule ukame. Mvua za kwanza zilikosekana, za pili nazo zikapita kando. Kisima kilianza kutoa maji ya rangi ya chai, kisha matope, kisha Mama akawa anashusha ndoo na kusikiliza. Watu walichota kwa zamu na kurudi na robo ndoo. Na ng'ambo ya uzio, mbele ya macho ya wanawake wenye ndoo tupu vichwani, shemeji alikuwa anamwaga maji mchangani.

Unaweza kukisia maneno yaliyosemwa. Wengine waliapa kwamba anafanya makusudi. Wengine walisema bohari imemroga. Mimi mwenyewe damu ilinichemka, na mimi nilikuwa nimeelezwa. Ni jambo gumu kuheshimu kazi ambayo matunda yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Nikishona suruali, mteja anaivaa, anajitazama. Shemeji miaka yote ile alikuwa akimwaga maji, na mwisho wa siku hana cha kumwonyesha mtu ila mchanga uliolowa, ambao asubuhi utakuwa umekauka.

Hakukaa kimya, hilo nalishuhudia. Alikwenda kwa meneja akaomba mtaa upewe maji. Meneja, mtu mstaarabu mwenye mkono mgumu, alimwambia pampu ya bohari nayo inakohoa. Maji ya kuzimia moto hayaguswi. Yaliyobaki ni mapipa ya shemeji ya kulowesha ardhi, na hayo yako mikononi mwake. Akiyagawa ni sawa, ila tangi likiharibika atajibu yeye.

Basi Mama akasikia kwamba maji yako mikononi mwa mkwewe. Jioni hiyo tulikuwa tunakula, sisi watatu, na Mama akarudisha tonge sahanini.

"Mwanangu, ule mpira unafika kwenye uzio. Sikuombi zaidi ya hapo."

"Mama, nikiuleta huku, kule kunakauka. Tangi likitoboka dizeli itashukia humu humu kisimani. Hata mvua ikija, maji yake hayatanyweka tena."

"Hiyo dizeli umeiona?"

"Sijaiona."

"Mimi watu wenye kiu nawaona."

Shemeji aliinamisha kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kutetereka, kwamba hawezi. Mama akanawa mikono, na hakuwa ameshiba. Alimwambia Jumamosi arudi kwa ndugu zake, kwa sababu hawezi kulala chumba kimoja na mtu anayemwaga maji. Nikajaribu kutia neno, nikaambiwa nirudi kwenye cherehani yangu.

Wote watatu tulijua kwamba huko kwa ndugu zake hakuna chumba kinachomngoja. Kaka zake walishakigawana zamani. Zaidi ya hapo, alimpenda Mama, kwa upendo ule wa kugombania dirisha. Usiku ule sikusikia ugomvi wowote wa dirisha, na ukimya wake ulinikosesha usingizi. Kesho yake nilimwona akikunja nguo zake moja moja na kuzipanga kwenye begi, kila nguo ameinyoosha kwa kiganja kama anayeipiga pasi.

Ijumaa fundi umeme alikuja kupima. Yeye huja na kijibomba chenye maji ya buluu ndani, anakibana ardhini, waya mmoja kwenye tangi, mwingine kwenye mita yake, anasoma namba. Upande wa uzio, karibu na kwangu, namba ilikuwa chini mno. Jua lilikuwa limekausha pale haraka kuliko shemeji alivyoweza kulowesha. Niliona anatikisa kichwa, na shemeji amesimama kando, mpira mkononi.

Hapo ndipo Mama alipotokea barabarani na beseni la maji ya kufulia. Yalikuwa meusi, yana povu, yameshafua mashuka na kudekia sakafu, maana wakati ule kila tone lilifanya kazi mara tatu. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye uzio. Akasema, bila kupaza sauti, kwamba kama tangi lina kiu kuliko watoto wa watu, basi linywe haya. Akayarusha yote kupitia nyavu. Fundi umeme alirukia pembeni, suruali ikamlowa hadi magotini.

Nilikuwa nimeshasimama niende nikaombe radhi. Lakini fundi alikuwa ameganda na mita yake mkononi. Aliinama akakibana upya kile kijibomba kwenye tope la sabuni, akasoma, akasoma tena, akacheka.

"Mama, una mengine kama haya?" akamuuliza.

Mama akadhani anadhihakiwa. Fundi akamweleza kwamba kumbe namba imepanda. Ardhi haijali maji yametoka wapi, inachotaka ni unyevu tu. Miaka yote wamekuwa wakimwaga maji ya kunywa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa bombani, na hakuna aliyewahi kufikiria vingine, yeye mwenyewe akiwemo. Shemeji aliweka mpira chini, akaenda ofisini kwa meneja kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao.

Meneja alikubali, na saa hiyo hiyo mapipa yalisogezwa getini. Unaleta ndoo ya maji ya kufulia, ya kuoshea vyombo au ya kuogea, unaondoka na ndoo ya maji safi. Wale wale waliokuwa wakimsema walipanga mstari na mabeseni ya povu, wanayamwaga pale wanapoelekezwa, na wengine wakaanza kutoa ushauri kuhusu tangi kana kwamba wamelizaa wao. Mimi nilifua hata vitambaa vya wateja ambavyo sikuombwa kuvifua.

Shemeji alirudi nyumbani jua likizama, amechoka, viatu vina tope. Kesho ilikuwa Jumamosi, na neno la Mama hakuna aliyekuwa amelifuta. Mama si mtu wa kufuta neno. Shemeji aliingia ndani kuchukua begi alisogeze mlangoni, kisha akatoka nalo mkononi, jepesi, mdomo wake uko wazi.

Uani kamba zote zilikuwa zimejaa. Magauni, kanga, sketi za kazini, hata sweta, vyote vinadondosha maji. Mama alikuwa ameketi katikati yake, mikono imekunjamana kwa sabuni, mbele yake beseni kubwa.

"Mama, nguo hizi zote zilikuwa safi," shemeji akasema.

"Niliona madoa." Mama hakumtazama. "Huwezi kusafiri na nguo mbichi. Na sweta hilo halikauki leo wala kesho."

Shemeji alikaa chini pale pale kwenye tope, akalia kama mtoto. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akamsukumia beseni kwa mguu.

"Haya kayapeleke kwa tangi lako," akasema, "halafu urudi ufunge dirisha."