Mafaili Yaliyopangwa kwa Rangi

Nimefanya kazi chini ya wakuu watano wa ofisi, na sikumheshimu hata mmoja. Wa kwanza aliniona mlangoni na diploma yangu ya utunzaji wa nyaraka, akanielekeza ufagio ulipo. Wa pili aliweka magunia ya makaa katika chumba cha mafaili kwa sababu, eti, karatasi haziogopi makaa. Wa tatu sina la kumsema, maana sikumwona mara nyingi. Wa nne aliandika barua nzuri sana, ila hakujua alikoziweka. Wa tano ndiye nitakayemweleza hapa, kwa kuwa huyo nilimdharau kwa bidii.

Ofisi yetu ni ya serikali, katikati ya Kolwezi, na kazi yake ni nyumba na viwanja. Zile nyumba za mtaa wa Kapata, safu kwa safu, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi na baadaye zikawa mali yao, kila moja ina faili kwetu. Kabla yangu hakuna mwanamke aliyekabidhiwa nyaraka za serikali katika ofisi ile. Wanaume waliozitunza walizitunza kwa kuzirundika. Nilikuta karatasi zimelowa, panya wamezaa ndani ya hati za watu, na karani mmoja anamenya karanga juu ya ramani ya mji. Nilipomwambia aondoe maganda, aliniuliza kama mume wangu anajua ninavyosema na wanaume.

Ilinichukua miaka kuzipanga. Kanuni yangu ilikuwa moja: faili linakaa kwa jina lililo kwenye kitambulisho, basi, si jina la kanisani wala la mtaani. Na faili likitoka, mahali pake nilichomeka kipande cha karatasi ngumu kinachosema nani kalichukua na lini. Kwa Kifaransa tunakiita fantôme, yaani mzuka. Makarani walicheka kwamba mama wa archives anafuga mizuka. Hao hao waliocheka walikuja kunibembeleza kila mkuu alipotaka faili upesi.

Basi mkuu wa tano akaja, na suti ya buluu na maneno mengi. Debe tupu haliachi kuvuma. Siku moja alisikia kwamba mgeni kutoka Kinshasa atatutembelea. Akaingia chumbani kwangu, akazitazama rafu kama mtu anayechagua kitanda dukani.

"Mama, hapa haiko propre," akasema. "Mugeni anafika mardi. Dossier zote mupange par couleur. Bleu kule, rouge hapa katikati, jaune pale. Itafanana na drapeau." Yaani chumba ni kichafu, na kabla ya jumanne mafaili yote yapangwe kwa rangi za bendera: buluu, nyekundu, manjano.

"Chef, kama tunapanga kwa rangi, kesho tutatafuta dossier ya muntu namna gani?"

"We mama unapenda maneno sana. Mugeni hatatafuta dossier. Ataangalia tu."

Nilikataa kugusa hata karatasi moja. Akaleta vibarua wanne, watu wa kupakia mizigo, na kwa siku mbili wakavuruga kuta tatu za kazi yangu. Vipande vyangu vya fantôme wakavifagia wakidhani ni takataka. Ukuta wa nne, nyuma ya mlango, ulikuwa na mafaili ya kijivu, ya majina ya herufi za mwisho. Huo hawakuugusa, maana bendera yetu haina kijivu. Mgeni alifika, akasimama mlangoni, akapiga picha kwa simu, akaenda kula. Hakukanyaga ndani.

Miezi haikupita mingi, shimo la mgodi likaanza kusogelea safu mbili za mwisho za Kapata. Ikaundwa komisheni, ikakaa katika ukumbi wa parokia. Amri yake ilikuwa rahisi: mwenye faili atapewa nyumba mahali papya, asiye na faili atahesabiwa mpangaji, na mpangaji ahame aendako. Mwisho ni ijumaa saa sita mchana.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho akaja mama mmoja mwenye mvi, mjane, mtu wa familia za Kasai walioletwa zamani kufanya kazi mgodini. Alikuwa amekunja kitenge chake vizuri, na mkononi ana kitambulisho cha marehemu mume wake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, minakuya juu ya dossier ya bwana yangu," akasema. "Alishakufa. Banasema kama vendredi midi sina nayo, nyumba inapotea. Na mi sina nyumba ingine."

"Ikala, mama. Dossier yake iko. Mi mwenyewe nilifunguaka."

Na kweli nilikumbuka kulifungua, mume wake akiwa amesimama mbele ya meza yangu, mwanaume mrefu mwenye kucheka. Nikaangalia jina kwenye kitambulisho. Herufi yake ilikuwa upande uliovurugwa. Nikaanza kutafuta.

Nilitafuta jumanne yote, nilitafuta jumatano. Kila faili nililolifungua nilimtukana mkuu kwa sauti, na karani mwenzangu akawa anacheka. Yule mama aliketi kwenye benchi, asubuhi hadi jioni. Alileta mihogo ya kuchemsha, tukala pamoja juu ya rundo la manjano. Alhamisi alasiri karani alinyoosha mgongo, akaonyesha ukuta wa kijivu nyuma ya mlango, akasema, "Mama, tuangalie na ku zile za gris."

"Kule nilipanga miye," nikamjibu. "Kule hakupoteake kintu."

Nilimjibu kwa ukali, na nilifurahi kumjibu hivyo. Mbele ya yule mjane nilitaka ijulikane wazi nani anajua kazi na nani ni mharibifu.

Ijumaa saa sita ikapita tukiwa kwenye mekundu. Mkuu alichungulia, akasema "Courage, mama," akaenda zake. Mjane akasimama, akakunja kitenge chake, akanishika mikono miwili akinishukuru kwa kuchoka kwa ajili yake. Nililia alipoondoka, kwa hasira, na hasira yote ilikuwa ya mtu mmoja mwenye suti.

Jumatatu mtu mwingine aliulizia faili lake, la herufi S. Nikaenda kwenye ukuta wa kijivu, nikavuta, na lililo jirani likatoka pamoja nalo. Juu yake pameandikwa, kwa mwandiko wangu mkubwa wa majivuno: Shamapasa.

Kwa watu wa Kasai, aliyezaa mapacha humwiti tena kwa jina lake. Ni Shamapasa, baba wa mapacha, hata kazini. Nikaikumbuka siku ile yote. Mume wa yule mjane alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, watu wa foleni wakampigia makofi na kumwimbia, nami nikacheka nao, nikaandika kwenye jalada kile walichokuwa wakiimba. Mimi mwenye kanuni moja. Nilikuwa nikipenda kuwaambia makarani kwamba nyani haoni kundule, na kila mara nyani alikuwa mwingine.

Nilipanda taxi-moto hadi ukumbi wa parokia, faili kifuani. Viti vilikuwa vimeshapangwa kwa ajili ya harusi. Mlinzi akaniambia komisheni imemaliza, orodha imetiwa sahihi na imeondoka tangu jumamosi.

Nikarudi. Chumbani hapakuwa na mtu. Nilichukua jalada jekundu tupu, nikazihamishia ndani yake karatasi za mume wa yule mama, nikaandika jina la kitambulisho, nikalisukuma katikati ya rundo. Lile la kijivu nikalichana vipande vipande. Kisha nikamwita karani kwa kelele.

"Kuya uone! Nimeipata! Ilikuwa mu rouge!"

Habari ilizunguka ofisi nzima kabla ya chai. Mkuu alipewa barua ya onyo, akahamishiwa ofisi ndogo mbali na mji. Sikumwonea huruma, na hata leo simwonei. Alikuwa mpumbavu na atakufa mpumbavu. Lakini faili hili hakulipoteza yeye.

Mjane aliishia Kisenge, kwa kaka yake, katika chumba kimoja na watoto wa kaka. Akija Kolwezi hupita ofisini kunisalimu, hunibebea unga wa mihogo, na hanikubalii nikatae. Huketi kwenye benchi lile lile akapumzika, halafu husema, kila mara, "Ule chef, mama, Mungu atamulipa. Ule mwenye kupoteza dossier yangu, Mungu anamuona."

Nami humwitikia, "Amina."