Kigoda cha Kuka Situma

Jumamosi za utoto wangu zinanukia mafuta ya kujipaka. Sisi watoto tulipakwa kidogo tu, usoni na magotini, ili kesho yake tusiende kanisani tumepauka. Mengi yaliishia kwenye kigoda. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kilichochongwa kwa gogo moja la mti mweusi, na nyanya yangu alikipakata kila Jumamosi asubuhi na kukisugua kwa kitambaa mpaka kikang'aa kuliko sufuria zote za mama. Nyumba yetu kule Lindi, Kibera, jijini Nairobi, ilikuwa chumba kimoja. Humo tulilala, tukapika, tukasali na kununiana, na mtu akitaka kupita ilibidi mwingine akunje miguu. Hata hivyo kigoda kile kilikuwa na pembe yake karibu na mlango, na hakuna aliyekikalia. Baba mwenyewe, fundi seremala aliyewatengenezea watu viti mchana kutwa, akirudi jioni alikaa kitandani.

Kilikuwa cha babu, ambaye sisi Wabukusu tulimwita Kuka Situma, ingawa mimi sikuwahi kumwona na baba alikumbuka mgongo wake tu. Aliondoka kijijini kwetu magharibi mwa Kenya baba akiwa mtoto mdogo, akateremka Mombasa kutafuta riziki, akapata kazi melini, na meli ikamfikisha Uingereza. Barua zilikuja mbili tatu, kisha zikakatika. Miaka ilivyozidi kwenda, wazee walimshauri Kukhu, ndivyo tulivyomwita nyanya, azike mgomba. Kwetu mtu akipotelea mbali na mwili wake usionekane, shina la mgomba hulazwa kaburini badala yake, watu wakalia, wakanyoa, na mjane akajua kuwa ni mjane. Kukhu aliwasikiliza mpaka mwisho, akawakaribisha chai, kisha akawaambia, "Mume wangu si ndizi." Alipokuja Nairobi kumsaidia mama kulea mtoto mchanga, alikibeba kigoda kikiwa kimefungwa ndani ya leso, kwa sababu, alisema, kiti cha mtu hakiachwi katika nyumba tupu.

Mtoto huyo mchanga ni ndugu yangu, na alizaliwa na sauti ya kuita watu sokoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndiyo katikati ya miaka ya tisini, na kazi yangu ilikuwa kumbeba mgongoni na kuzunguka naye baina ya vibanda vya makaa na vya omena, wale dagaa wa ziwani, hadi mabega yakafa ganzi. Hakunyamaza. Ukuta wa mabati hauna siri, na jirani yetu Mama Atieno alizoea kuugonga kwa mwiko, akimwita mama kwa jina langu: "Mama Nelima, si mumpatie huyo mtoto jina yake tupumzike!" Hakuwa anatania. Kwao Wajaluo kama kwetu, mtoto anayelia bila ugonjwa huwa anadai jina la marehemu fulani wa ukoo, na dawa yake ni kumtajia majina moja baada ya jingine mpaka anyamaze. Jina linalomnyamazisha ndilo lake. Asipopewa, atadhoofika, na mama alikuwa ameanza kumpima kifundo cha mkono kwa vidole vyake kila asubuhi, akidhani hatumwoni.

Basi Jumapili moja baada ya ibada, Kukhu alimpakata mjukuu wake akaanza kuwaita wafu wetu. Aliwaita kwa heshima, kila mmoja na sifa yake: huyu aliyefuga ng'ombe wengi, yule aliyejua kutahiri, yule mbishi aliyekufa akidaiwa pombe. Mtoto alilia juu yao wote. Majina yalipomwishia, Kukhu akaanza kuyahesabu vidoleni kuona aliyesahauliwa, na baba, ambaye alikuwa ameegemea mlango kwa uchovu, akasema taratibu, "Situma." Mtoto alinyamaza kama taa iliyozimwa. Tulimsikia Mama Atieno upande wa pili akimshukuru Mungu kwa Kijaluo. Lakini Kukhu alikuwa amekwisha kusimama, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Wafula," alimwambia baba, "nani amekufa hapa?"

"Mayi, mimi sijasema mtu amekufa. Ni mtoto amenyamaza. Umejionea mwenyewe."

"Amenyamaza juu amechoka. Unataka kumzika baba yako na mdomo?"

Hapo ndipo tulipokwama. Jina la mtu aliye hai halipewi mtoto. Ni sawa na kumchimbia mwenyewe kaburi. Kama Kuka Situma alikuwa amekufa, ndugu yangu alikuwa na haki ya jina lake, na kumnyima ni kumwua. Kama alikuwa hai, kulitamka juu ya mtoto ni kumwua yeye. Mama alitaka mwanawe, Kukhu alitaka mume wake, na baba alikuwa mwana wa mmoja na mume wa mwingine. Mtoto akabaki bila jina, mtaa mzima ukamwita Boi, na vilio vikarudi.

Msaada ulitoka Kawangware. Baba alikuwa akimtengenezea milango Mama Wangari, Mkikuyu mwenye ploti za kukodisha mtaa wa Kongo, hukohuko Kawangware, mama wa kanisa, mnene wa sauti na wa moyo, ambaye ardhi yake aliirithi enzi ambapo Kawangware ilikuwa bado mashamba ya mahindi. Binti yake Wangari alikuwa akisomea uuguzi Uingereza. Baba alipomsimulia yaliyotukuta, Mama Wangari hakucheka. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyewahi kuuliza serikali ya huko. "Wazungu wanaandika kila kitu, fundi," alisema. "Ukizaliwa wanaandika, ukioa wanaandika, ukikufa wanaandika. Huyo mzee kama alikufa huko, ako kwa kitabu." Wangari akapigiwa simu akaulize. Akajibu kwamba vitabu viko wazi kwa yeyote, ila anahitaji jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Jina tulikuwa nalo, Yohana Situma. Tarehe ilimchekesha Kukhu mpaka akafuta machozi. Alijua babu alitahiriwa na rika gani, alijua nzige walipita mara ya pili akiwa anachunga mbuzi, alijua hata ng'ombe aliyechinjwa siku ya tohara alikuwa wa rangi gani. Vyote hivyo vikapelekwa Uingereza kwa simu, na binti wa watu akajaribu kukisia mwaka kutokana na nzige.

Nakumbuka kipindi kile cha kungoja kwa sababu Kukhu alianza kusali kwa sauti, na mama naye kwa kimya, na nilijua wanamwomba Mungu mmoja mambo mawili. Habari ya kwanza ilimpendelea Kukhu. Wangari alikuwa amepekua vitabu vya wafu, vitabu vizito vyenye mishikio, vilivyopangwa kwa robo za mwaka, na hakumwona Yohana Situma popote. Kukhu alipiga vigelegele mlangoni, akampikia Mama Atieno chapati, akakipaka kigoda mafuta siku ya Jumanne. Mama Wangari alimwambia subira huvuta heri. "Heri yangu ilikosa nauli tu," Kukhu akamjibu. Mama hakula chapati. Alimchukua Boi akatoka naye nje.

Halafu Wangari akarudi nyumbani kwa likizo, tukaitwa Kawangware. Tulikwenda kwa miguu, Kukhu mbele, mimi na Boi nyuma yake, baba na mama wakifuata. Tulipewa chai ya maziwa uani, chini ya kamba za nguo, na wapangaji wakajifanya wanafua. Wangari alikuwa msichana mpole, na nikaona anamwangalia mama yake kama anayeomba kusaidiwa. Alisema kwamba alipomkosa kwa wafu, alijiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, akatazama pia vitabu vya ndoa.

"Nilimpata, shosho," alimwambia Kukhu. "Alioa huko. Hii ni nakala ya cheti."

Baba akatazama chini. Mimi nilimtazama Kukhu, na ajabu ni kwamba hakushtuka. "Kuoa wa pili si kosa," alisema. "Baba yangu alikuwa na watatu. Ni yeye kweli?" Wangari akasoma: Yohana Situma, kazi baharia, na jina la baba mzazi, ambalo lilikuwa hasa jina la baba mkwe wake Kukhu, na kazi yake, mkulima. Kukhu akatikisa kichwa kukubali kila neno. "Ni yeye. Endelea." Wangari akasema yamekwisha. "Hapo umeruka mahali," Kukhu akamwambia, "nimeona macho yako." Mama Wangari akamsihi, "Mama Wafula, tunywe chai kwanza." Lakini Kukhu aliweka kikombe chini, na binti wa watu akasoma kile alichokiruka. Cheti cha kule kina mahali pa kuandika hali ya mtu kabla ya ndoa, kama alifiwa, kama aliachana na mke, au kama hajawahi kuoa. Kuka Situma alikuwa amejiandikisha kuwa hajawahi kuoa.

Wapangaji waliacha kufua. Kukhu alikunja leso yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Babake alimkumbuka," alisema hatimaye. "Hata jembe la babake alilikumbuka." Kisha akamgeukia mama, akanyoosha mikono apewe mtoto. "Situma niliyemjua alikuwa na mke. Huyu wa cheti simjui. Wangu amekufa. Mwiteni mtoto."

Na hivyo ndivyo karatasi iliyosema babu yangu yu hai ilivyomfanya nyanya yangu mjane. Tuliporudi Lindi, alikaa sakafuni, akamkalisha ndugu yangu juu ya kigoda, akimshika mbavu asianguke, akamwita jina lake mara kadhaa, na mtoto akamwangalia tu. Mama alilia kwa furaha na kwa aibu ya furaha hiyo. Kesho yake Kukhu alimwomba Mama Atieno amnyoe nywele. Mgomba ulizikwa kijijini Desemba hiyo, na tangu hapo hakukipaka kigoda mafuta tena maisha yake yote. Kilikaliwa na kila mtu. Mimi nilikikalia nikiosha vyombo.

Siku hizi Kongo kumeota maghorofa mahali pa ploti za Mama Wangari, na vile vitabu vyenye mishikio vimehamia kwenye simu. Mwaka jana nilikuwa saluni, nywele zimesukwa nusu, nikaandika jina la Yohana Situma kwa mchezo tu. Kabla msusi hajamaliza mstari mmoja, nilikuwa nimemwona. Alikufa kweli, ndugu yangu akiwa darasa la kwanza. Kwa hiyo Boi wetu alibeba jina la mtu hai kwa miaka, na hakuna aliyedhurika ila waliokwisha kudhurika. Nikatafuta na vizazi. Alipata mtoto mmoja huko, wa kike. Aliitwa Margaret Nanjala Situma.

Nanjala ni jina la Kukhu. Kwetu hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa njaa, au aliyerithi jina la Nanjala aliyekufa, na kule hakukuwa na njaa, na katika ukoo wetu Nanjala alikuwa mmoja tu, yu hai, anasugua kigoda. Nilikasirika mpaka msusi akaniuliza kama ananiumiza. Kwanza nilidhani Kuka alimzika Kukhu, kwa karatasi na kwa jina, ili yeye alale usingizi. Kisha nikafikiri juu ya mtu aliyemkana mke mbele ya karani, halafu akajitafutia njia ya kuliita jina lake nyumbani kila siku, aje ale, aje aoge, na nikalia palepale kwenye kiti. Nilimpigia ndugu yangu. Aliposikia yote alisema, "Sista, kwani hao wawili walizikana wakiwa hai?"

Kukhu hayupo wa kuambiwa. Nimemwandikia Margaret, naye amejibu kwamba baba yake alimwambia lile ni jina la mtu aliyempikia vizuri, basi, na kwamba angependa kuja. Kigoda kiko kwangu, kimepauka, mguu mmoja umeoza kidogo kwa maji ya vyombo. Jumamosi iliyopita nilitoa mafuta na kitambaa, nikakipakata. Akija, Nanjala atakikalia.