Rangi za Kichupa cha Mzee Haruni

Nikikumbuka hitma ya Mzee Haruni, hata leo natamani sakafu ya kile chumba chake cha mtaa wa Point inimeze, na nawasimulia kwa sababu mmenibana, si kwamba imenitoka moyoni.

Mzee Haruni alikuwa jirani yangu, Mtanzania mwenzangu, kazi yake duka la vitu vya kale pale mjini Durban, na lilipofungwa mwaka ule wa tisini na saba tajiri wake akampa kichupa kidogo cha kioo, cha Warumi wa zamani, walichokuwa wakitilia manukato na kuzikwa nacho. Kukaa ardhini karne na karne kulikuwa kumekivisha utando wa rangi, zambarau, kijani, dhahabu, na wakusanyaji walikuja kukitaka akawakatalia, maana kila Jumapili binti yake Zaina alikiinua dirishani amwambie baba yake leo ameona rangi gani.

Basi siku ya hitma, Zaina yuko chumba cha ndani analia, mimi kwa kimbelembele changu nimejipa ukuu wa mapokezi, nikagundua hakuna mrashi wa kuwanyunyizia wageni marashi. Nikakiona kichupa rafuni. Si ni cha manukato hiki? Hata marehemu atafurahi (nilijiona nina akili, jamani). Nikakisuuza, nikakijaza marashi, nikakitikisa vizuri, nikapita nikiwamiminia viganjani, nao wakajipaka usoni kama kawaida yetu.

Nilipomaliza, Papa Kasongo, jirani yetu Mkongomani, akaangalia mikono yake.

"Mama Tatu, ni nini hii yenye kungaa? Tuko ku matanga ao ku fête?"

Nikainua macho: ndevu za shehe zinameremeta, mashavu ya akina mama yanameremeta, msiba mzima kama tumetoka harusini, na mtu huko nyuma akashindwa kuzuia kicheko. Kichupa mkononi, utando wote umebanduka, kimebaki cheupe kama cha dawa ya macho.

Kile kicheko ndicho kilichomtoa Zaina ndani. Hakunifokea.

"Dada Tatu, baba alikuwa hakipangusi hata kwa kitambaa."

"Nisamehe mdogo wangu, sikujua."

"Najua hukujua," akasema, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Akanyoosha kiganja cha kulia, nikammiminia tone lililobaki, na chenga mbili tatu za kijani zikatulia pale.

Pilau ikaja, birika na beseni vikapitishwa, kila mtu akanawa, rangi za Mzee Haruni zikaenda na maji machafu. Tangu siku ile kitu cha marehemu sikigusi, hata kijiko, mpaka wenyewe waniambie gusa. Zaina birika lilipomfikia alitikisa kichwa, akafumba kiganja, na mpaka wageni wanaondoka hakuwa amekula.