Wimbo Uliosema Mama Hachoki

Mwaka ule nyimbo nyingi za redioni zilikuwa na mtu anayeruka angani. Mwanamume akimwimbia msichana, alimwahidi kumbeba mgongoni na kupasua mawingu. Mgombea kiti akitungiwa wimbo, aliimbwa kama mtu anayevunja kuta kwa ngumi. Hata kwaya moja ya vijana ilimwimba Yesu akiwa amevaa joho jekundu linalopepea. Mimi nilikuwa nafundisha chekechea huko Kanyakine, na kila mapumziko watoto wangu walijifunga sweta shingoni, wakakimbia uwanjani mikono mbele, wakiimba nyimbo hizo kwa sauti zote.

Nilikuwa nimeimba harusini na kanisani tu. Lakini siku moja, nikiwatazama wale watoto, niliamua kwamba nami nitatunga wimbo wa shujaa, na shujaa wangu atakuwa mama.

Mama anaishi nyumbani kwetu, upande wa Githongo. Baba alifariki tukiwa wadogo, na mama akatulea sisi watatu kwa kahawa na ng'ombe mmoja. Nilimkumbuka akipanda kwenda kiwandani na gunia la kahawa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na kitinda mimba wetu amefungwa kifuani. Kama huyo si shujaa, nilijiuliza, ni nani basi?

Mashairi niliyaandika kwa Kimeru. Kiitikio nilikiweka kwa Kiswahili ili hata watu wa Embu wakielewe: "Mama ni supahiro, hachoki, haanguki." Nilirekodi mjini Meru, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mtayarishaji aliongeza sauti ya upepo mkali mwanzoni, halafu akaniambia, "Mwalimu, hii itashika."

Ikashika kweli. Kituo kimoja cha redio kilianza kuupiga asubuhi, na baada ya wiki chache nikausikia ukiimbwa na watu nisiowajua. Mama naye alianza kusalimiwa sokoni, "Supahiro! Habari ya asubuhi?" Aliponipigia simu kuniambia hayo alicheka, nami nikajiona mtoto mwema kuliko wote.

Shule zilipokaribia kufungwa nilienda nyumbani Jumamosi kumwomba anikalie na binti yangu likizo nzima, nipate nafasi ya kwenda kuimba nilikoalikwa. Mlangoni nilikuta viatu vidogo vya watoto wa jirani. Mama yao alikuwa ameenda Kangeta kuuza miraa, akawaacha. Ndani, mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akijipaka dawa ya kuchua gotini. Chama chake cha akina mama kilikuwa kimemrudisha kwenye uenyekiti, na siku iliyofuata kanisa lilikuwa na wageni, yeye akiwa msimamizi wa jikoni.

Niliyaona hayo yote, na bado nikaomba.

"Mlete," alisema, akashusha sketi yake haraka kufunika goti.

Kesho yake, ibada ilipokaribia kwisha, nilienda jikoni kusaidia kupakua. Mama na mwanamke mmoja walikuwa wameinua sufuria kubwa ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, mmoja kila upande. Walipiga hatua mbili, goti la mama likakataa. Sufuria ilitua chini kwa kishindo, naye akakaa sakafuni kama mtu aliyesukumwa. Hakuungua, nashukuru Mungu. Lakini yule mwanamke, akidhani anamtia moyo, alipiga makofi na kuimba, "Supahiro haanguki!" Wengine wakadakia. Jiko zima likaimba kiitikio changu, na mama yuko sakafuni.

Hakuimba wala hakucheka. Alinitazama, akaninyoshea mkono nimwinue.

Tulipofika nyumbani nilimkandia goti kwa maji moto. Akaniuliza, "Huyo mtu wako wa kuruka, ana magoti?"

"Mama, nilikuwa nakusifu."

"Najua. Lakini zamani nilikuwa naweza kukataa. Mtu akija na mzigo wake, namwambia leo siwezi, anaenda. Sasa nikifungua mdomo, wanaimba. Nitasema nini mbele ya wimbo wa mtoto wangu?" Alinichukulia kitambaa mkononi, akajikanda mwenyewe. "Hata wewe. Tangu hiyo kitu itoke kwa redio, hujaniuliza kama nimeamka vizuri."

Nililia, lakini nilijua kilio changu hakingemsaidia kitu. Usiku ule niliamua wimbo ule utasahihishwa, na atakayeusahihisha ni mimi.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikampigia mtayarishaji. "Nataka kurekodi upya. Nataka kusema mama anachoka."

"Mwalimu, nani atacheza wimbo wa goti?"

"Nitaucheza mimi."

Alikataa, nami sikumbembeleza. Siku hiyo hiyo nilikaa na mama uani, tukitenganisha kahawa mbivu na ile mbichi juu ya magunia, daftari likiwa pajani mwangu. Niliimba kwa sauti ya chini, "Goti lake la kushoto humuuma asubuhi."

"La kulia," alisema bila kuinua macho.

Nikafuta. Mstari kwa mstari, alinisahihisha. Hakupanda mlima kwa furaha, alipanda akilaani ule mlima. Kuna siku alilala mchana na kutuacha tule viazi baridi. Kuna siku alimwachia jirani kitinda mimba wetu amkalie, kwa sababu alihisi atampiga. Mambo hayo sikuyajua. Niliyaandika yote, na kila moja nilimuuliza kama linaweza kuimbwa. Mawili alikataa, nikayaacha.

Mama wa wale watoto aliporudi kutoka Kangeta, nilimweleza hali ya goti. Alikasirika kidogo, lakini akawachukua. Binti yangu nilimpeleka kwa dada yangu.

Kisha nikaanza kwenda redioni. Mara ya kwanza askari wa getini alinirudisha. Mara ya pili nilisubiri hadi mtangazaji akaondoka kwa mlango mwingine. Mara ya tatu nilisimama karibu na gari lake.

"Lakini ule wa kwanza watu wanaupenda sana," aliniambia.

"Najua. Mimi ndiye niliyeutunga, na nilikosea."

Alinitazama, akatazama saa, akaniambia niingie. Niliimba bila kinanda, bila upepo. Kiitikio kilisema, "Mama anachoka, mpokeeni mzigo."

Simu zilipigwa. Mwanamume mmoja alisema nimemdhalilisha mzazi wangu. Mwingine aliuliza ule wa kuruka uko wapi. Halafu akapiga mama mmoja kutoka upande wa chini wa Embu, anayefuga mbuzi. Alisema mgongo wake umemsumbua miaka mingi, na akaomba wimbo urudiwe jioni wanawe wakiwa nyumbani.

Wimbo wa kwanza haukufa. Uko kwenye simu za watu, na bado nikialikwa harusini huombwa niuimbe. Naimba wa pili. Wengine hununa, nami naumaliza hadi mwisho.

Mama aliachia uenyekiti mwezi uliofuata, na chama hakikuvunjika. Nilimpeleka hospitali, akapewa dawa na fimbo ambayo haipendi. Pasaka kanisa lilipokuja kumwomba asimamie jikoni tena, nilikuwepo. Nilifungua mdomo nimjibie, akaniwekea mkono begani ninyamaze.

"Nitakuja," aliwaambia, "lakini nitakuja kula."

Na alienda. Alikalia kiti cha plastiki kivulini, mguu wa kulia ameunyoosha, akaletewa sahani, akala akamaliza, akaomba aongezewe.